Koa anayesafiri na miche: tumjue kabla ya kumuua



Kila msimu wa maharagi lalamiko ni lilelile: "Nilipanda vizuri, mbegu ikaota, siku ya tano nikakuta vijiti tu." Mmoja anasema ni panya, mwingine anasema ni kiwavi, mwingine anaanza kumwangalia jirani kwa jicho baya. Lakini ukienda shambani saa mbili ya usiku na tochi, mvua ikiwa imetoka kunyesha, mara nyingi unamkuta mwizi mwenyewe akiwa mezani. Ni mnyama laini, ana ute, hana gamba. Wengi tunamuita konokono bila nyumba. Katika Kiswahili cha vitabu jina lake ni koa, na wakiwa wengi ni makoa. Tutatumia jina hilo kwa sababu ni fupi.

Somo la leo si namna ya kumaliza makoa wote. Ni namna ya kuwatofautisha, maana koa na koa si sawa. Wako wenyeji wa msitu wetu, ambao walikuwa hapa kabla ya babu zetu kufungua shamba la kwanza. Na wako wageni, waliozunguka dunia ndani ya udongo wa miche na ndani ya majani ya kabichi. Mgeni njo anatakiwa kututia wasiwasi. Na kuna kitu ambacho wengi hatujafikiria: gari lake la kusafiria linaweza kuwa pepinieri yetu wenyewe.

Kwanza hakikisha ni koa

Usimhukumu mtu bila ushahidi. Angalia majani asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Koa akipita anaacha njia ya ute uliokauka, inang'aa kama ukanda mwembamba wa plastiki. Matundu yake kwenye jani hayana mpangilio, yako ya kila ukubwa, na mara nyingi anaacha mishipa migumu ya jani. Kwenye maharagi machanga anakula yale majani mawili manene ya kwanza, au anakula ncha ya kuotea, na hapo mche umekufa hata kama kijiti kimesimama.

Kiwavi wa ardhini anafanya tofauti. Yeye anakata shina karibu na udongo, mche unalala chini kama mti uliopigwa shoka, na hakuna ute. Ukifukua kidogo pembeni ya mche unamkuta amejikunja. Wale wadudu wadogo wenye mabawa magumu, wanaotoboa majani ya maharagi matundu mengi ya mviringo, unawaona mchana kweupe. Koa mchana amejificha. Ukiona matundu bila ute, na mchana kuna wadudu juu ya majani, basi tatizo lako ni jingine.

Tofauti hii ina bei. Koa si mdudu. Ni ndugu wa konokono, na hata kwa pweza wa baharini wana ukoo wa mbali. Kwa hiyo dawa nyingi za wadudu zinazouzwa sokoni hazimfanyi kitu, mkulima anapoteza franka zake bure. Na kuna ubaya zaidi ya hasara. Mwaka 2015 watafiti wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo yao juu ya soya iliyopandwa kwa mbegu zilizopakwa dawa ya wadudu, ile ambayo sisi tunaiona kama unga wa rangi kwenye mbegu za paketi. Makoa walikula miche ile na hawakufa. Lakini mende wa ardhini, ambao kazi yao ni kuwinda makoa, walikula makoa wenye sumu tumboni, na mende njo walikufa au kulemaa. Mwishowe shamba lenye dawa lilikuwa na makoa wengi na mavuno machache. Mkulima alikuwa amelipa pesa ili amuue askari wake mwenyewe.

Makoa watatu wa kutambua

Mchukue koa kwa jani au kwa kijiti, usimshike na mkono mtupu. Mweke juu ya jani la mgomba, mpe dakika chache atulie na ajinyooshe. Sasa angalia mgongo wake, halafu mkia, halafu tumbo.

Wa kwanza ni wa msituni. Mbele mgongoni ana ngozi ya ziada iliyotandazwa kama ngao, na upande wa kulia wa ngao kuna tundu la kupumulia linalofunguka na kufunga. Alama yake kubwa iko kwenye mkia: mwishoni kabisa kuna kishimo kinachotoa ute, na mara nyingi juu ya kishimo kuna kinundu kama kipembe kidogo. Rangi ni nyingi, wako wa njano, wa kahawia, wa mistari. Wataalamu wanaita ukoo huu Urocyclidae, na Afrika njo kwao. Makoa na konokono wa Kongo wameandikwa tangu zamani. Mmarekani Pilsbry alitoa kitabu mwaka 1919 kutokana na wanyama waliokusanywa na Herbert Lang na James Chapin hapa Kongo kati ya 1909 na 1915. Baadaye, mwaka 1977, Mbelgiji Van Goethem alichapisha kitabu kikubwa juu ya makoa hawa wenye kishimo cha mkia, kupitia jumba la makumbusho la Tervuren. Wengi wao wanakula uyoga, ukungu wa miti na majani yaliyooza. Yaani wanafanya mbolea. Ukimkuta kwenye gogo pembeni ya shamba, mwache aendelee na kazi yake. Akizidi ndani ya bustani, unaweza kumtoa, lakini si yeye atakayekumalizia msimu.

Wa pili ni koa wa ngozi, jina lake la kitaalamu Laevicaulis alte. Huyu hana ngao. Mgongo wote ni ngozi moja, kavu kidogo, nyeusi au kahawia nzito, na katikati mara nyingi kuna mstari mwembamba wa rangi hafifu kutoka kichwani mpaka mkiani. Akitulia anakuwa bapa kama jani lililokufa. Mgeuze: unyayo wake ni mwembamba sana, kama ukanda uliopita katikati ya tumbo. Ule wembamba unamsaidia asipoteze maji mengi, na kwa hiyo anavumilia kiangazi kuliko wenzake. Anakua mpaka urefu wa kidole cha mtu mzima, hata kuzidi. Asili yake ni Afrika yetu hii, lakini huko Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki amekuwa mgeni mharibifu wa bustani. Kwao sisi njo tuliowapelekea tatizo.

Wa tatu njo wa kuangaliwa sana. Jina lake Deroceras laeve. Ni mdogo: akijinyoosha anakaribia upana wa kizibo cha chupa ya Primus, si zaidi sana. Rangi ni kahawia au karibu nyeusi, hana mistari. Ngao yake ni kubwa, inakaribia nusu ya mwili, na ukiangalia karibu unaona mikunjo midogo ya mviringo juu ya ngao, kama alama ya kidole gumba. Mkia umechongoka, una ukingo mfupi juu, lakini hauna kishimo wala kipembe. Ukimgusa na kijiti anatoa ute mwepesi, mweupe wa kuonekana kama maji. Kumbuka alama mbili hizi tu na hutakosea sana: ngao kubwa, mkia bila kishimo.

Koa huyu asili yake ni nchi za baridi za kaskazini, lakini leo ameenea karibu ulimwengu mzima kwa sababu ya biashara ya mimea. Ana ndugu yake mkubwa kidogo, Deroceras reticulatum, wa Ulaya, mwenye madoa kama wavu kwenye mgongo wa rangi ya majivu. Huyo ukimsumbua anatoa ute mweupe kama maziwa. Anapenda baridi, kwa hiyo wenzetu wa milima ya Masisi wanaolima viazi na kabichi wamchunguze zaidi yeye. Sisi wa chini, huku Mubi kwenye msitu na joto, tumchunguze yule mdogo, sababu anavumilia joto mradi pawe na maji.

Kwa nini mgeni mmoja anatosha

Koa yeyote ni dume na jike katika mwili mmoja. Kwa kawaida wawili wanakutana, na wote wawili wanaondoka na mimba. Lakini Deroceras laeve hata hahitaji mwenzake. Anaweza kujipa mimba mwenyewe. Tafakari maana yake: ukileta mche mmoja wenye koa mmoja, au wenye yai moja tu kwenye udongo wake, umeleta ukoo mzima.

Mayai yanatagwa kwenye udongo wenye maji, chini ya jani, chini ya ubao, katika nyufa za bonge la udongo. Ni madogo kama punje ya ulezi, yanapitisha mwanga kama tone la maji, yako kifungu kimoja. Panapokuwa na joto na unyevu yanatotoa baada ya wiki mbili au tatu, na vizazi kadhaa vinapita ndani ya mwaka. Huko Ulaya majira ya baridi yanawapunguza. Huku kwetu nani atawapunguza? Mvua ya Walikale haina likizo ndefu.

Mwili wa koa karibu wote ni maji, na ute anaotembelea ni maji anayoyapoteza. Ndiyo maana anatembea usiku, na mchana anatafuta kivuli chenye unyevu. Ukielewa jambo hili moja, umeelewa sehemu kubwa ya maisha yake. Kila kitu kinachoweka unyevu karibu na mche kinamlisha: majani ya kufunika udongo yaliyosongamana, magugu pembeni ya kitalu, kumwagilia jioni, mabaki ya migomba yaliyolala kati ya mistari. Si kwamba kufunika udongo ni kubaya, tumewafundisha wenyewe na hatukatai. Lakini miche ikiwa bado midogo, acha nafasi ya upana wa viganja viwili bila majani. Ikishakuwa na nguvu, rudisha majani yako. Na maji mwagilia asubuhi, ili jioni juu ya udongo pawe pamekauka kidogo.

Safari ya mchoyo mdogo

Kuna habari ya Florida, Marekani, ambayo inafaa kusimuliwa katika mkutano wa kooperative. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu wakubwa wa Afrika, wale ambao asili yao ni pwani ya Afrika ya Mashariki. Bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wameokotwa zaidi ya 18,000, na serikali ilitumia zaidi ya dola milioni moja mpaka kuwamaliza. Watatu, na hawakuwa wamekuja kwa lori.

Lakini hatuhitaji kwenda Florida. Mnyauko wa migomba, ule unaoozesha ndizi na kutoa usaha wa njano kwenye shina, ulionekana Kongo mwaka 2001, na ulionekana hapohapo Masisi. Ulitembeaje? Kwa panga lililokata mgomba mgonjwa halafu likakata mzima, na kwa machipukizi yaliyobebwa kwa wema kabisa kumpelekea shemeji. Familia ngapi zilikosa kasiksi, zikakosa ada ya shule? Koa hana ukali wa ugonjwa ule, tusitishane. Lakini njia ni ileile. Watu wetu wanahama, wakati mwingine kwa kukimbia vita, na mtu anayekimbia akipata nafasi anabeba vijiti vya muhogo na mbegu zake. Mizigo inafika Mubi kwa motari, kwa gari, na kabichi inafika na majani yake ya nje, ambayo njo nyumba nzuri ya koa mdogo.

Na pepinieri? Hapo njo penye kivuli, maji kila siku, udongo laini na majani mateke. Ukiulizwa ujenge hoteli ya makoa, ungejenga pepinieri. Halafu siku ya kugawa miche, kila mwanachama anapeleka pakiti ishirini nyumbani kwake, vijiji kumi na viwili kwa siku moja. Hakuna koa duniani anayeweza kutembea hivyo kwa tumbo lake.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na tunajua wengine watasema ni kazi nyingi: miche isitoke pepinieri kabla ya kukaguliwa. Wiki moja kabla ya kugawa, weka vibao kumi vya mbao au vipande vya magunia yaliyoloweshwa kati ya vitalu. Kila asubuhi geuza, hesabu, andika katika daftari. Inua pakiti chache, angalia chini yake, hapo mayai yanakaa. Ukikuta yule mdogo mwenye ngao kubwa, simamisha ugawaji wa kitalu hicho, okota kila asubuhi, na inua pakiti zikae juu ya meza ya miti badala ya kukaa ardhini. Afadhali miche ichelewe siku kumi. Chipukizi la mgomba lisafirishwe likiwa limechongwa, bila udongo, na lizamishwe katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Kazi hiyo ilifundishwa kwa ajili ya minyoo ya mizizi na fukusi wa migomba, lakini mayai ya koa nayo hayapendi maji ya moto. Majani ya nje ya kabichi iliyotoka mbali yasitupwe bustanini. Mpe mbuzi.

Wakishaingia shambani

Mtego wa bei rahisi ni shina la mgomba. Lipasue katikati, lilaze upande wa ndani chini, kati ya mistari, jioni. Asubuhi mapema geuza, makoa wamelala hapo. Waokote kwa kijiti, watie katika bido lenye maji ya sabuni. Fanya usiku tatu mfululizo baada ya mvua kubwa, na kabla ya kupanda, si baada ya miche kuliwa. Kasiksi kidogo katika kikopo kilichozikwa mpaka mdomo nayo inawavuta na wanazama, ila kuna wanachama ambao mtego huo hauwezi kulala nao shamba moja salama.

Bata ni rafiki mkubwa. Mfungulie saa ya asubuhi katika shamba kabla ya kupanda, atakula makoa na mayai. Akiachiwa kwenye lenga-lenga changa, atakula na lenga-lenga. Chura, mende weusi wa ardhini na ndege wa msituni wanakusaidia bila mshahara. Wako pia konokono wadogo wa kwetu ambao ni wawindaji: gamba lao ni refu kidogo, dogo kama punje ya mchele au kuzidi, na ukiangalia mdomo wa gamba unaona kama meno ndani. Hao hawali mimea, wanakula konokono wenzao na makoa. Usiwaponde.

Majivu yanafanya kazi yakiwa makavu. Mvua moja, yamekwisha. Chumvi usiweke shambani, inaua koa na inaua udongo. Zile punje za buluu za metaldehidi zinaua koa kweli, lakini zinaua pia mbwa, kuku na bata anayezila, na mtoto anaweza kuzidhani pipi. Uingereza ilikataza kuzitumia nje mwaka 2022. Kama kuna anayeziuza Mubi bila karatasi ya maelezo, usinunue.

Neno juu ya afya

Makoa na konokono wanaweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya. Panya anautoa katika mavi yake, koa anaupata anapokula mavi hayo, na mtu akimeza koa mbichi, hata kipande kidogo kilichojificha katika saladi, mnyoo unaweza kupanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Huko Australia imeshatokea mtu kufa kwa kumeza koa mbichi kwa mchezo. Sombe yetu inapikwa muda mrefu, haina shida. Shida ni mboga mbichi: kabichi ya saladi, nyanya zilizookotwa chini. Tenganisha majani moja moja, osha katika maji safi yanayotiririka. Wale wanaokula konokono wakubwa wa msituni, wapike mpaka waive kabisa. Watoto wanaookota makoa waoshe mikono na sabuni, na yule aliyeshika kwa mikono mitupu asiguse macho wala mdomo kwanza.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Kila kikundi kikichague shamba moja na pepinieri moja. Usiku mmoja baada ya mvua, watu wawili watembee na tochi kwa nusu saa, waokote kila koa wanayemuona. Wawapange katika mafungu matatu kufuatana na alama tulizotoa, wahesabu kila fungu. Yule asiyeingia fungu lolote, na kila yule mdogo mwenye ngao kubwa, wawekwe katika chupa ndogo. Kwanza mzamishe katika maji ya kawaida yaliyojaa mpaka kizibo, usiku mzima, ili afe amejinyoosha na alama zake zionekane. Asubuhi mwaga maji, mimina pombe kali ya kunywa, ile ya nguvu zaidi mnayoipata, na siku ya pili badilisha pombe hiyo kwa nyingine mpya. Ndani ya chupa tia kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi, maana wino unayeyuka: jina la kijiji, tarehe, zao lililokuwa pale, na jina la koa huyo katika lugha ya nyumbani, iwe Kinyanga, Kirega, Kihunde, Kitembo au Kikumu. Jina hilo ni la maana sana kwetu. Mara nyingi wazee wana majina mawili, moja la koa wa msitu na jingine la koa wa shamba, na pale ambapo mzee anasema "huyu hana jina kwetu", chupa hiyo ifike ofisini ya kwanza.